Udogo Wenye Hesabu: OSCA MT4 na Siri ya Gari Dogo la Mbio

Tarehe 7 Machi 1954, kwenye zege la uwanja wa zamani wa ndege za kivita huko Sebring, Florida, gari lenye injini ya cc 1,453 lilishinda mbio za saa 12. Liliyaacha nyuma magari ambayo injini zake zilikuwa kubwa mara mbili, mengine zaidi ya hapo. Jina lake ni OSCA MT4, kazi ya ndugu watatu wa Kiitalia waliokuwa na karakana ndogo pembeni mwa jiji la Bologna. Usukani ulishikwa kwa zamu na Stirling Moss, Mwingereza wa miaka 24, na Mmarekani Bill Lloyd. Mbio hizo zilihesabiwa katika ubingwa wa dunia wa magari ya michezo, na Lancia walikuwa wamevuka bahari na magari yao ya D24 pamoja na madereva wa daraja la Juan Manuel Fangio, Alberto Ascari na Piero Taruffi.

Tangu siku hiyo tokeo la Sebring limeelezwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ilikuwa bahati tupu: wakubwa waliharibikiwa, mdogo akaokota. Wapo wanaolisimulia kama muujiza, kana kwamba chuma kilipata roho kikakataa kushindwa. Maelezo yote mawili yanawanyima haki waliolitengeneza gari lile. Gari dogo la mbio lina hesabu yake, tofauti na ya gari kubwa, na wale ndugu watatu waliijua hesabu hiyo kuliko karibu mtu yeyote wa zama zao. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini, miaka kumi na mitatu baada ya ushindi ule, milango ya karakana yao ilifungwa kabisa.

Shule ya uhaba

Italia ilitoka katika Vita vya Pili vya Dunia ikiwa imevunjika. Viwanda vilikuwa vimepigwa mabomu, petroli ilikuwa ya kutafuta, na wenye uwezo wa kununua gari kubwa walikuwa wachache mno. Kilichokuwepo kila mji ni Fiat. Kabla ya vita mhandisi Dante Giacosa alikuwa ameshiriki kuipatia kampuni hiyo magari mawili yaliyobadili maisha ya Waitalia: Fiat 500 ya 1936, iliyopewa jina la utani Topolino, na 508C ya 1937, ambayo baadaye ilijulikana kama 1100. Injini ya 508C ilikuwa na cc 1,089, valvu zake zilikaa juu kwenye hedi, na ilitoa nguvu farasi 32 kwa mizunguko 4,400 kwa dakika. Kwa gari la familia hiyo ilikuwa nguvu ya kutosha. Kwa fundi mwenye jicho, ilikuwa mtaji.

Hapo ndipo lilipozuka kundi la mafundi ambalo halina mfano wake katika historia ya magari. Vittorio Stanguellini alikuwa Modena, Ilario Bandini Forlì, na Siata na Moretti Turin. Walichukua injini ya Fiat, wakaisubia hedi mpya, wakabadili kamshafti, wakafunga kabureta mbili mahali pa moja, kisha wakaiweka ndani ya chesisi nyepesi waliyoiunda wenyewe. Mashindano yaliwapa uwanja, kwa sababu magari yaligawanywa kwa madaraja ya ujazo wa injini: cc 750, 1,100, 1,500 na kuendelea. Mwenye gari dogo aliweza kushinda daraja lake na kupata jina hata kama mshindi wa jumla alikuwa Ferrari au Alfa Romeo.

Aliyeonyesha kwamba gari la namna hiyo laweza kuota makubwa zaidi ya daraja lake ni Piero Dusio, mfanyabiashara wa Turin, kupitia kampuni yake ya Cisitalia. Giacosa mwenyewe alimsanifia gari la kiti kimoja, D46, lenye fremu ya mabomba membamba ya chuma, injini ya Fiat 1100 iliyofikishwa nguvu farasi zipatazo 60, na uzito usiofika kilo 400. Mwaka 1947 mbio za Mille Miglia zilirudi baada ya vita. Tazio Nuvolari, mzee wa miaka 54 aliyekuwa mgonjwa, aliendesha Cisitalia ya wazi ya cc 1,100 na kuongoza sehemu kubwa ya safari. Mvua ilipoingia kwenye mfumo wa umeme wa injini akapoteza muda, na Clemente Biondetti akampita kwa Alfa Romeo ya silinda nane. Nafasi ya pili, ya tatu na ya nne zote zilikwenda kwa Cisitalia. Aliyeyatazama matokeo hayo kwa makini alipaswa kujiuliza kama ukubwa wa injini ndio uliokuwa ukishinda mbio ndefu, au ni jambo jingine.

Ndugu waliorudi nyumbani

Bindo, Ettore na Ernesto Maserati walikuwa na jibu tayari. Kaka yao Alfieri alianzisha karakana ya Maserati mjini Bologna mnamo Desemba 1914, na alipofariki mwaka 1932 wao watatu waliendelea na kazi. Mwaka 1937 waliiuza kampuni kwa familia ya Orsi ya Modena, kwa makubaliano kwamba wangebaki kama wahandisi kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho walitengeneza 8CTF, gari la silinda nane na supachaja mbili, ambalo Wilbur Shaw aliliendesha na kushinda Indianapolis mwaka 1939 na tena 1940. Watu hawa walijua vizuri kutengeneza kitu kikubwa chenye nguvu nyingi.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1947 walirudi Bologna. Jina lao la ukoo halikuwa tena mali yao kibiashara, kwa hiyo kampuni mpya waliyoifungua San Lazzaro di Savena waliiita Officine Specializzate Costruzione Automobili, yaani OSCA. Bindo alikuwa na umri wa miaka 64, Ettore 53, Ernesto 49. Gari lao la kwanza, la mwaka 1948, lilipewa jina MT4, Maserati ya silinda nne. Halikuwa na supachaja, silinda nane wala makeke. Injini ilikuwa na cc 1,092 na nguvu farasi 72. Mwaka huohuo Luigi Villoresi alishinda nalo mbio za Napoli.

Uamuzi wa kushuka hadi cc 1,092 unahitaji kutazamwa kwa heshima. Fedha ndogo ilikuwa sababu moja, na daraja la cc 1,100 lilikuwa ndilo lenye wateja. Lakini wahandisi wenye ushindi wa Indianapolis mkononi wangeweza kutafuta tajiri wa kuwalipia gari kubwa. Walichagua kazi ambayo karakana yao ingeweza kuimudu kuanzia karatasi ya mchoro hadi siku ya mbio, bila kumtegemea mtu wa nje katika jambo la msingi. Kwa kuwa walisubu, walichonga na kupima wenyewe, kila kosa lilirudi moja kwa moja kwa aliyelifanya, na kusahihishwa kabla halijafika kwa mteja.

Ndani ya injini

Mpangilio wa bloku ulifuata njia ya Fiat. Hedi ilikuwa ya alumini, na hapo ndipo akili ya Ernesto ilipolala. Toleo la kwanza lilikuwa na kamshafti moja juu ya hedi. Baada ya muda mfupi likaja toleo la kamshafti mbili, lililotambulishwa kwa herufi 2AD, moja kwa valvu za kuingiza hewa na petroli na nyingine kwa valvu za kutoa moshi. Faida yake ni ya umbo. Kamshafti zikiwa mbili, valvu zinaweza kuinamishwa, kila moja upande wake, na chumba cha mwako kikawa na umbo la nusu tufe. Valvu zinapata nafasi ya kuwa kubwa, hewa inaingia kwa njia iliyonyooka zaidi, na plagi inakaa karibu na katikati ili moto usambae kwa usawa. Injini ndogo haina hewa ya kuchezea. Kila silinda ya MT4 ya cc 1,453 ilivuta kiasi cha theluthi moja ya lita tu kwa kila pigo, na isipojaa sawasawa hakuna mahali pengine pa kufidia.

Injini ilikua hatua kwa hatua, na hatua hizo zinaonyesha nidhamu ya watu hawa. Ilianza na silinda zenye kipenyo cha milimita 70 na mwendo wa pistoni wa milimita 71. Ikafika 75 kwa 76, ikatoa cc 1,342 na nguvu farasi 90. Mwaka 1953 kipenyo kilipanuliwa hadi 78, mwendo ukabaki 76: cc 1,453 na nguvu farasi 110 kwa mizunguko 6,200. Toleo la mwisho la 1955, lililoitwa TN, lilikuwa 78 kwa 78, cc 1,491, na nguvu farasi 120. Katika miaka saba hawakuitupa injini wakaanza nyingine. Waliendelea kuichimba ileile, huku kila udhaifu uliojitokeza kwenye mbio ukitibiwa kabla ya kuongeza nguvu.

Tuiangalie ile ya 1,453 kwa karibu. Kwa mizunguko 6,200 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, na kasi yake ya wastani ndani ya silinda ni kama mita 15.7 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo kipimo cha adhabu inayobebwa na fimbo za pistoni na beringi. Pistoni yenye mwendo mfupi inaweza kufanya mizunguko mingi kabla ya kufikia kiwango hicho, na pistoni ndogo ni nyepesi, kwa hiyo nguvu inayovuta fimbo kila inapobadili mwelekeo ni ndogo pia. Tukikadiria kwamba krankishafti ilizunguka kwa wastani wa mara 5,000 kwa dakika, katika saa 12 ilizunguka mara milioni 3.6, na kila valvu ikafunguka mara milioni 1.8. Injini inayofika mwisho wa hesabu hiyo ikiwa nzima imetengenezwa na watu wanaoheshimu beringi na njia za oili kama wanavyoheshimu nguvu farasi.

Kwa kila lita ya ujazo, MT4 ya 1953 ilitoa nguvu farasi 76 hivi, zaidi ya mara mbili na nusu ya Fiat 508C. Hata hivyo Lancia D24, yenye silinda sita, cc 3,284 na nguvu farasi 265, ilitoa karibu 81 kwa lita. Kwa hiyo siri ya OSCA haikukaa kwenye injini peke yake, na anayeisifu kwa nguvu anaisifu kwa jambo ambalo mpinzani alilizidi.

Kilo, mabomba na bati

Chesisi ya MT4 haikuwa na ugunduzi wowote. Mabomba mawili makubwa ya chuma yalipita kwa urefu wa gari, yakaunganishwa na mengine ya kukingama. Mbele, kila gurudumu lilijitegemea kwa mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini, pamoja na springi ya kuviringika. Nyuma palikuwa na ekseli moja ngumu juu ya springi za bapa. Giaboksi ilikuwa ya gia nne, breki za dramu magurudumu yote. Bodi ilikuwa ya bati jembamba la alumini lililogongwa kwa mkono, nyingi zikitoka kwa ndugu Morelli wa Ferrara, mafundi ambao kazi yao inastahili kukumbukwa pamoja na ya kina Maserati.

Kilichokuwa cha pekee ni kipimo. Hakuna sehemu iliyokuwa nzito kuliko kazi yake. Uzito wa gari zima ulikuwa kiasi cha kilo 600, na uzito huo ulipatikana haba na haba: bomba lililokuwa nene pale tu palipokuwa na mzigo, kiti kilichokuwa kipande cha bati na mto, mlango mdogo uliofunguka kwa kadiri ya mguu wa dereva kupita. Kilo iliyoondolewa kwenye injini iliruhusu chesisi kuwa nyepesi. Chesisi nyepesi iliruhusu breki na tairi ndogo, breki na tairi ndogo zikaruhusu springi laini, na gari linalotaka petroli kidogo lilibeba tangi dogo. Ukianza na injini kubwa, mlolongo huohuo unakwenda kinyume: nguvu inadai giaboksi nene, giaboksi inadai ekseli imara, ekseli inadai fremu nzito, na mwisho unahitaji nguvu nyingine tena ili kuubeba mzigo ulioletwa na nguvu ya kwanza.

Saa 12 za Sebring

Sasa tunaweza kuyasoma matokeo ya Sebring kama mhandisi. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 8.36, ikipita kwenye njia za ndege za Hendricks Field, palipokuwa na kituo cha kufundishia marubani wa ndege za mabomu wakati wa vita. Palikuwa na sehemu ndefu zilizonyooka, palikuwa na kona nyingi za polepole, na zege lenyewe lilikuwa limejaa maungio na mabaka.

Kwenye sehemu zilizonyooka D24 ilikuwa mbali. Lakini mbali kwa gharama gani? Nguvu inayohitajika kushinda upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Gari linalotaka kutoka kilomita 190 kwa saa hadi 240, yaani ongezeko la robo tu, linahitaji nguvu maradufu. Lancia ililipa nguvu hiyo kwa petroli, joto na uzito, ikapata faida iliyodumu kwa sekunde chache kabla ya kona inayofuata.

Kona ndipo deni linapolipwa. Tuchukue mfano wa magari mawili, moja la kilo 720 pamoja na dereva na petroli likifika kwenye kona kwa kilomita 190 kwa saa, na jingine la kilo 900 likifika kwa 240. Likisimama kabisa, la kwanza linamwaga kwenye breki nishati ya jouli milioni moja. La pili linamwaga milioni mbili. Jouli milioni moja ni joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji ya bomba; gari kubwa linabeba joto la lita sita. Dramu inapopata moto kupita kiasi hutanuka na kujitenga na breki shuu, shuu zinapoteza msuguano, na dereva anakanyaga pedali inayozama bila matokeo. Zidisha joto hilo kwa kona zote za mzunguko mmoja, kisha kwa mizunguko zaidi ya 160, na utaona adui wa kweli wa Sebring alikuwa nani.

Hata OSCA haikusalimika. Breki zake zilikwisha kabla ya mbio kumalizika, na Moss alieleza mara nyingi jinsi alivyopunguza kasi: alishusha gia ili injini ishike magurudumu, kisha akalilaza gari ubavu mapema kabla ya kona ili tairi zikisugua zege zimalize kasi iliyobaki. Jaribu kufanya hivyo kwa saa nyingi katika gari la kilo 900 lenye nguvu farasi 265 na tairi hazitadumu, na kosa dogo litakupeleka nje ya njia. Katika gari la kilo 720, lenye nguvu isiyozidi mshiko wa tairi zake, ni jambo gumu linalowezekana mikononi mwa bingwa. Wepesi uliwapa Moss na Lloyd njia ya kuendelea baada ya kifaa muhimu kufa.

Magari ya Lancia yaliharibika moja baada ya jingine. Lile la Taruffi na Robert Manzon lilikuwa likiongoza hadi karibu na saa ya mwisho, injini ikakwama, na Taruffi akalisukuma kwa mikono kuelekea kwenye kituo cha timu. D24 moja iliyosalia, ya Porfirio Rubirosa na Gino Valenzano, ilimaliza ya pili. OSCA ya Moss na Lloyd, iliyoingizwa na timu ya Briggs Cunningham, ilimaliza mizunguko 168, zaidi ya kilomita 1,400, kwa wastani wa kilomita 117 kwa saa. OSCA nyingine zilichukua nafasi ya nne na ya tano.

Bahati ilikuwa na sehemu gani?

Anayesema Lancia ingeshinda kama injini ya Taruffi ingedumu saa moja zaidi anasema kweli, na hoja yake haipaswi kupuuzwa. Hakuna aliyepanga injini ile ikwame. Lakini hoja ya bahati inalemewa na mambo mawili. La kwanza ni zile nafasi za nne na tano. Bahati hubeba gari moja. Haibebi magari matatu ya muundo mmoja, yenye madereva tofauti, hadi ndani ya tano bora katika mbio zilizovunja magari mengi yenye majina makubwa.

La pili ni yaliyofuata. Mwaka 1956 Umberto Maglioli alishinda Targa Florio, kwenye barabara za milima ya Sicilia, kwa Porsche 550A ya lita moja na nusu. Mwaka 1960 Hans Herrmann na Olivier Gendebien walishinda Sebring yenyewe kwa Porsche ya lita 1.6. Jambo linalojirudia kwa watengenezaji tofauti na katika nchi tofauti lina kanuni nyuma yake, na kanuni yenyewe ni hii: kadiri mbio zinavyokuwa ndefu, njia mbovu na kona nyingi, ndivyo faida ya nguvu inavyopungua na faida ya wepesi inavyokua.

Kanuni hiyo ina mipaka, na ni haki kuitaja. Le Mans, penye mnyoofu wa kilomita kadhaa, gari dogo halikuweza kuota ushindi wa jumla. Huko OSCA ilipata heshima kwa njia nyingine: mwaka 1958 gari lao la cc 750, likiendeshwa na Alejandro de Tomaso na Colin Davis, lilimaliza la 11 kwa jumla na kushinda tuzo ya kulinganisha mafanikio na ukubwa wa injini. Anayedai udogo hushinda popote hajaielewa hesabu, kama vile asivyoielewa anayedai ukubwa hushinda popote.

Mpaka wa karakana

Kama walijua siri, kwa nini hawakudumu? Jibu la kwanza ni la kiufundi. Washindani wao waliichukua kanuni ya wepesi wakaisogeza mbele. Porsche waliweka injini nyuma ya dereva na, katika 550A, wakatumia fremu ya mabomba mengi membamba yaliyopangwa kwa pembetatu. Colin Chapman wa Lotus alifanya fremu ya aina hiyo kuwa elimu kamili. Cooper walithibitisha kwamba injini ikikaa nyuma, gari linakuwa jepesi na fupi kwa wakati mmoja, kwa sababu shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma haihitajiki tena. Ni Moss yuleyule aliyeshinda Argentina Januari 1958 kwa Cooper ya chini ya lita mbili, ushindi wa kwanza wa gari la injini ya nyuma katika ubingwa wa dunia wa Formula One. Wakati huo OSCA walikuwa bado wanaweka injini mbele katika magari yao makuu na ekseli ngumu nyuma. Walikuwa wameisafisha fikra ya 1948 hadi mwisho wake, nayo haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jibu la pili ni la kibiashara, nami naliona zito zaidi. OSCA waliishi kwa kuuza magari ya mbio kwa watu binafsi, machache kila mwaka. MT4 zote zilizotengenezwa hazifiki mia. Hawakuwa na bidhaa ya kila siku ya kuwalipia utafiti. Carlo Abarth, aliyetoka Cisitalia na kuanzisha kampuni yake mwaka 1949, alichukua njia nyingine: aliuza eksozi na vifaa vya kuongeza nguvu kwa wamiliki wa magari ya kawaida ya Fiat, na mapato hayo yakagharamia mbio. Ndiyo maana miaka ya 1960 Abarth waliweza kumwajiri Mario Colucci na kutoa 1000 SP, gari la injini ya kati lenye cc 982, nguvu farasi 105 na uzito wa kilo 480. Hapo ndipo fikra ya ndugu Maserati ilipofika ukomavu wake, mikononi mwa mtu mwenye duka.

OSCA walipata nafasi moja ya namna hiyo. Fiat walichukua muundo wa injini yao ya kamshafti mbili, na kuanzia 1959 wakaitengeneza Turin kwa ajili ya gari la wazi la 1500, kisha 1600. Mzunguko ulikuwa umekamilika: injini iliyoanza kwa kufuata bloku ya Fiat ilirudi Fiat ikiwa mwalimu. Lakini faida kubwa ya uzalishaji haikuwa San Lazzaro. Mwaka 1963 ndugu hao, wakiwa wazee, waliiuza OSCA kwa kampuni ya pikipiki ya MV Agusta, na mwaka 1967 ikafungwa.

Tunachopaswa kukichukua

Naiona MT4 kama somo la uhandisi lililo hai kuliko magari mengi yaliyoshinda mara nyingi zaidi yake. Somo lake la kwanza ni kwamba uzito ndio swali la kuanzia. Nguvu inasaidia gari linapoongeza kasi. Wepesi unalisaidia linapoongeza kasi, linaposimama, linapokata kona, linapokunywa petroli na linapopita kwenye zege bovu. Leo magari ya kawaida yanazidi kunenepa, na yale ya umeme yanabeba mamia ya kilo za betri ili kuusukuma mwili ambao wenyewe ungeweza kupunguzwa. Wahandisi wanaoyasanifu wana kompyuta ambazo Ernesto Maserati hakuziota, na bado wengi wao wanalipa kosa la uzito kwa kuongeza nguvu, njia ileile iliyochemsha breki za D24.

Somo la pili linawahusu wenye karakana kuliko wenye maabara. Ubora wa MT4 ulitokana na watu wachache walioijua kila sehemu ya kazi yao na kuiboresha injini moja kwa miaka saba badala ya kukimbilia mpya. Ubora huo ulitosha kuwashinda Lancia, na haukutosha kulipa kodi ya karakana kwa miaka ishirini. Fundi mwenye kipaji anayesoma historia hii asiishie kuisifu hedi ya alumini. Aangalie pia daftari la mauzo la Abarth, atafute eksozi yake ya kuuza, kisha arudi kwenye mashine ya kuchonga akiwa na uhakika kwamba mwakani atakuwepo.